Sauti ya Pili

Mama yangu Helve aliimba sauti ya pili
miaka thelathini na sita, mji wa Võru, safu ya kati,
kiti kilichopakana na bomba la joto.
Mchana alipanga mikate myeusi kiwandani.
Alhamisi jioni alinawa unga hadi viwikoni
akaenda kuimba noti moja.

Sitii chumvi. Nimezihesabu.
Kuna ukurasa ambapo sauti ya kwanza wanapanda,
wanashuka, wanazunguka kama mbayuwayu juu ya ziwa,
na sauti ya pili wana "la" kumi na tisa mfululizo,
kisha "sol" moja, kama mtu aliyebadilisha mguu wa kusimamia,
kisha "la" tena.

Ndizo alizoimba nyumbani. Akimenya viazi,
akinifunga skafu katika giza la asubuhi ya Januari.
Wimbo ulikuwa na sehemu nyingine, alijua,
ila haikuwa yake,
na Mama hakugusa kisicho chake.
Hivyo nilijifunza nyimbo zote za nchi yangu
kwa upande wa ndani, kama koti lililogeuzwa,
mishono nje.

Shuleni Bi Salme akabonyeza kinanda. Urve, imba.
Nikaimba. Darasa likaangua kicheko.
Huo si wimbo, akasema.
Ndio wenyewe, nikasema, nikaurudia polepole
kama unavyomrudilia mgeni asiyejua lugha.
Akaniandikia mbili kati ya tano.

Nilikuwa na miaka tisa nilipowasikia wote pamoja:
ukumbi wa kiwanda cha maziwa, viti vya kukunja,
harufu ya makoti yaliyolowa theluji.
Endel Raudsik akainua mikono
na juu ya noti za Mama akaja mtu mwingine,
mtu wa visigino virefu, akaingia nyumbani kwetu
kana kwamba ndiye aliyeijenga.
Watu wakafumba macho. Ni yeye waliyemfumbia.
Niliwachukia wa sauti ya kwanza mpaka nikavunja ungo,
na baada ya hapo pia, kidogo.

Mama, huumii?
Alikuwa anakamua tambara.
Wale wa juu, akasema, wanaimba kile ambacho watu wanakijua tayari.
Wanaume wa chini wanasikika hata wakikosea.
Mimi ninaamua kama ni huzuni au furaha.
Noti yangu ikishuka nusu hatua, harusi inageuka matanga.
Akalianika tambara. Yaliisha hapo.

Ni kina cha kati, basi. Hakuna anayekwenda nacho nyumbani,
ila kikikosekana ubeti unachechemea
na msomaji anajitazama miguu.

Alipopita sitini sauti ilizama.
Endel akamhamishia kwa wanaume wa sauti ya tatu,
kati ya Kalju fundi saa na Heino daktari wa ng'ombe.
Alikaa wiki mbili, akarudi na kiti chake mkononi.
Kule, alisema, wanapenda mno kusikilizwa.

Leo nimefungua jalada lake la noti.
Penseli kila mahali: pumua. Ngoja. Usimfuate Vaike.
Na ukurasa wa kumi na moja, mduara mwekundu
kuzunguka vipimo vinne
ambapo sauti ya kwanza wananyamaza
na wimbo, wimbo wenyewe, ule wa kufumbiwa macho,
unashuka kwa sauti ya pili.
Nimeupima kwa saa. Sekunde kumi na moja,
kisha wanaupokea tena na yeye anarudi kwenye "la".

Pembeni ameandika, kwa mwandiko ule wa kuhesabia mikate:
vaa hereni za kaharabu.

Hereni ninazo. Siku yenyewe siikumbuki.
Lazima nilikuwapo, mstari wa mbele,
skafu shingoni,
nikiwakodolea macho wale wa kwanza,
nikingoja waanze tena
ili niwachukie.